Daftari la Kisima

Mimi, Nyamizi binti Kapela, mweka hazina wa kisima,
elimu darasa la saba, mwandiko wa kulala,
naandika kwa wino wa bluu.
Mwekundu nimeutunza kwa ajili ya wadaiwa.

Ukurasa wa kwanza:
Mlekwa, mia tano.
Mama Kulwa, mia tano.
Mzee Ngasa hana hela, kaleta asali nusu chupa;
tumeipima, tumeipokea,
sisimizi wamepita juu ya jina lake, wameacha doa.

Kabla ya daftari lilikuwako dimbwi la mbugani.
Ng'ombe waliingia kwanza, sisi tulifuata na ndoo,
tukachuja kwa pindo la khanga.
Mtoto akiharisha tulisema: meno yanaota.
Sayi wangu alikuwa na meno yote.

Geuza ukurasa.

Wageni walikuja mwezi wa tisa, watu wakiandaa vitalu vya tumbaku,
na mashine iliyonguruma siku tatu, Sikonge nzima ikajua.
Mita sitini na mbili. Ardhi ikatema matope, kisha mchanga,
kisha kitu baridi. Mama Kulwa akakionja,
akauliza, "Mbona hayana ladha?"
Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Wakapigilia kibao cha bati: MRADI UMEKAMILIKA.
Tarehe. Jina la shirika. Mkono ukishika mkono.
Wakaondoka na vumbi lao.

Mwezi wa nane mpini ukapanda, ukashuka,
ukakohoa upepo.
Tulikitazama kile kibao.
Kilikuwa bado kinang'aa, kikisema kimekamilika.

Mwenyekiti Mihambo akasema tuwaandikie wafadhili.
Barua iandikwe, isafiri, isomwe, ijibiwe;
na dimbwi liko palepale, na ng'ombe hajahama.
Nikafungua kopo. Elfu sitini na moja na mia tano,
nyingine zikinuka moshi, nyingine samli.
Fundi Lushinge akadandia lori la tumbaku hadi Tabora mjini,
akarudi kesho yake na mpira mweusi,
duara dogo, kama bangili ya mtoto mchanga.
Elfu kumi na nane. Risiti nimeibandika kwa ugali.

Niliushika kiganjani kabla haujashuka kisimani.
Hiki tu?
Hiki tu.

Tausi wa zahanati siku hizi hufunga dirisha saa nane
akafuma vitambaa, analalamika vidole vinamuuma.
Mwalimu Ndaki naye analalamika:
wasichana wanafika kabla ya kengele,
nguo kavu, hawana ndoo, wanagombea madawati.
Madawati hayatoshi.
Nimesikia malalamiko mengi maishani;
haya niliyaomba anirudie.

Mwaka jana wageni walikuja tena na kamera.
Mtoto akanywa. Picha haikutoka. Akanywa tena, tumbo likajaa.
"Tuwasaidie nini zaidi?" wakauliza,
na Mihambo akasafisha koo, mfukoni ana orodha.
Nikaweka daftari mezani.

Yule mama wa shirika hakijui Kiswahili, ila kidole chake kilisoma,
jina baada ya jina, mpaka kwenye doa.
"Hapa pana nini?"
"Hapo pana asali."
Alinyamaza. Kisha akanieleza, mkalimani akichelewa nyuma yake,
kwamba hela ya kwanza ya kisima ilitoka shuleni kwao,
watoto walidondosha sarafu kwenye chupa ya maziwa,
mwaka mzima, mmoja alitoa pesa ya jino lililong'oka.

Jino.
Nilitafuta kalamu nikiwa nimeinama ili asinione uso.
Chini ya Mzee Ngasa palibaki mstari mmoja.
Nikaandika: Watoto wa mbali, chupa moja, imepokelewa.
Kwa bluu.

Hesabu ya mwezi huu:
kopo lina elfu themanini na nne.
Wadaiwa ni wanne.
Mwenyekiti ni mmoja wao.